TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 13: Kodi unalipa wewe, nyumba anakaa nani?



Juzi baada ya tarawehe ndugu yetu mmoja alinishika mkono pale penye viatu. Wengine mnamjua kwa sura, ni mtu wa safu ya pili, hasemi sana. Nimemwomba ruhusa niliandike jambo lake bila jina, akakubali, akasema huenda likamsaidia mwingine. Yeye ni mtumishi wa serikali. Amepata barua ya uhamisho, anatakiwa aripoti Dodoma baada ya Idi. Ana mke na watoto watatu. Mkubwa yuko kidato cha pili, wa mwisho ndiyo kwanza ameanza juzuu amma kwenye madrasa yetu.

Akaniambia, "Ustadh, nimetafutiwa nyumba mbili. Moja ipo Ihumwa, karibu na ofisi, naweza kwenda kwa miguu. Nyumba nzima, ina uzio, kodi nafuu. Ya pili ipo Chang'ombe, siyo Chang'ombe yetu ya hapa Temeke, ya Dodoma. Hiyo ni vyumba viwili na sebule, kodi iko juu kidogo, lakini msikiti upo na madrasa ipo. Na mzee wangu naye anasema niiache familia hapahapa Dar, niwe napanda treni kila Ijumaa jioni. Ustadh, nichukue lipi?"

Nikamuuliza, "Mama watoto anasemaje?"

Akacheka kidogo. "Bado sijamwambia. Nasubiri nikamilishe kwanza."

Usiku ule sikumjibu. Nilimwambia nipe siku mbili, kwa sababu swali lake lilinigusa mahali, na nilijua nikijibu palepale nitajibu kwa hasira ambayo siyo yake. Nitawaambia kwa nini.

Kwanza tukubaliane kwamba hili si jambo la mtu mmoja. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, lakini kwa miaka mingi lilikuwa jambo la kusomwa kwenye vitabu vya uraia. Tangu mwaka 2016 ndipo lilipoanza kuingia kwenye nyumba zetu hasa: wizara zikahama, Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba, kilomita kama 17 kutoka katikati ya mji, na familia nyingi za Dar zikagawanyika. Hata msikitini kwetu safu zilipungua watu, mnakumbuka. Kwa hiyo ninachomwambia huyu ndugu ninawaambia na wengine ambao barua bado ziko njiani. Na siku hizi mara nyingi anayepata barua ni mke, nesi au mwalimu, na mume ndiye anayefuata. Nikisema "mume" hapa, wewe geuza kadiri ya hali yako.

Sasa hadithi yangu. Mwaka 2009 nilipangiwa shule moja ya sekondari mkoani Singida. Nilikuwa nimeoa, tuna mtoto mmoja mdogo, bado ananyonya. Mke wangu ni mtu wa Tanga, amezaliwa na kukulia Ngamiani, kwenye nyumba ambayo mlango wa uani haufungwi mchana. Ukikohoa jirani anakuuliza umekula nini. Mimi nilitangulia wiki mbili kutafuta nyumba, nikaipata. Dakika tano tu kutoka shuleni! Vyumba viwili, kiwanja kikubwa, kodi ya kuchekesha. Nilijiona mjanja kweli. Nikapiga simu nyumbani, nikamwambia njoo, kila kitu tayari.

Mji mdogo wenye msikiti, soko na watu ulikuwa kilomita sita. Mimi hilo sikuliona tatizo. Asubuhi saa moja niko shuleni, nina walimu wenzangu, nina wanafunzi mia tatu, chai ya saa nne napiga soga. Ijumaa naazima baiskeli naenda mjini, naswali, nakaa kwenye darsa mpaka alasiri. Narudi nyumbani jioni nimechoka na maneno. Yeye alikuwa hana hata mtu mmoja wa kumpa neno tangu alfajiri. Singida kuna upepo, wanaoijua wanajua. Mchana kutwa ni upepo na mabati na mtoto. Maji mbali. Jirani wa karibu nusu kilomita, na lugha yao ya nyumbani ni Kinyaturu.

Mwezi wa nne nikaanza kuona hata salamu anaitikia kwa shida. Nikamwambia asome sana Qur'ani, asubiri, huu ni mtihani. Ndivyo nilivyosema, na mimi ndiye ninayewaandikia leo. Nilimpa dawa ya ugonjwa niliomletea mwenyewe.

Siku moja saa tano asubuhi mtoto alishikwa na degedege. Simu haikamati, mimi niko darasani. Alitoka nje akapiga kelele. Aliyesikia ni yule mama wa nusu kilomita, mtu mzima, Mkristo, kanisa lao liko nyuma ya shamba lake. Alikuja mbio, akamfunga mtoto mgongoni, akamwita kijana wake mwenye baiskeli, wakampeleka zahanati. Mimi nilipata habari saa saba. Mtoto alipona, Alhamdulillah, sasa hivi ananipita urefu.

Jioni nilikwenda kumshukuru yule mama. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, halafu akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, huyu binti ulimuoa, au ulimwajiri akulindie nyumba?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Mwezi uliofuata tulihamia mjini kwenye chumba kimoja na sebule, uani tunachangia na familia tatu. Mimi nikanunua baiskeli, nikawa naendesha kilomita sita kwenda na sita kurudi. Nilipoona mke wangu anagombana na mpangaji mwenzake juu ya kamba ya kuanikia nguo, wallahi nilifurahi, maana nilijua amerudi.

Ndiyo maana juzi nilikaa kimya. Ndugu yetu hakuuliza jambo la nyumba mbili. Yeye alikuwa anafanya hesabu niliyoifanya mimi, ya dakika ngapi kutoka ofisini. Lakini ofisini anakwenda yeye peke yake. Watu wanne wengine hawaendi Mtumba. Ile nyumba yeye ataiona gizani asubuhi na gizani jioni, na wao wataiona saa zote zilizobaki. Anayeichagua ndiye atakayekaa humo kidogo kuliko wote.

Tumtazame Nabii Ibrahim (a.s.), maana habari yake ni ya mtu aliyehamishia familia mahali. Alimpeleka Bibi Hajar na mtoto mchanga Ismail kwenye bonde lisilo na mmea, akawaachia mfuko wa tende na kiriba cha maji, akageuka kuondoka. Katika riwaya ya Ibn Abbas iliyomo ndani ya Bukhari, Bibi Hajar alimfuata nyuma akimuuliza anawaacha na nani mahali pasipo na mtu wala kitu. Aliuliza mara kadhaa, Nabii hageuki. Mwisho akauliza kama ni Allah aliyemwamuru hivi. Akasema ndiyo. Hapo ndipo Bibi Hajar akasema basi Hatatupoteza, akarudi.

Mashekhe wengi tukifika hapa tunasifu utiifu wake, na ni haki kuusifu. Lakini mimi nataka tuangalie yale maswali. Hajar hakukemewa kwa kuuliza. Allah hakuifuta sauti yake katika kisa. Ameulizwa mume Nabii, anayetekeleza wahyi, na mke ameuliza tena na tena mpaka amepata jibu la kumtuliza. Sasa wewe ndugu yangu unayo barua yenye mhuri wa Katibu Mkuu. Barua ya uhamisho siyo wahyi. Na dalali wa Dodoma siyo Jibril. Kama Hajar aliuliza, wako naye atauliza, na safari hii huna jibu la Ibrahim la kumpa.

Halafu Nabii Ibrahim alipofika mahali ambapo hawamwoni, alielekea upande wa ile Nyumba akaomba. Dua yenyewe ipo katika Surat Ibrahim, aya ya 37, kaisomeni leo baada ya alasiri. Tazameni mpangilio wake. Anataja kwanza kwamba amewaweka pale ili wasimamishe swala. Kisha anaomba nyoyo za watu zielekee kwao. Kisha ndipo anaomba matunda. Ibada, watu, riziki. Bonde lile halina hata jani, mtoto ananyonya, na baba mtu anaomba watu kabla ya chakula! Sisi tukitafuta nyumba tunaanza na kodi, tunakuja umeme na maji, tunaangalia kama gari litaingia, na jirani tunamjua siku ya msiba.

Na dua ilijibiwa vipi? Maji ya Zamzam yalitoka, hilo kila mtoto wa madrasa analijua. Lakini endelea na kisa. Watu wa kabila la Jurhum walikuwa wanapita, wakaona ndege anazunguka juu, wakajua hapa pana maji. Wakaja, wakamkuta Hajar yuko kwenye maji yake. Wakamwomba ruhusa wakae naye. Akawaruhusu, kwa sharti kwamba maji yabaki haki yake. Wakakubali, wakaleta jamaa zao, mji wa Makka ukaanza. Na katika riwaya hiyohiyo imetajwa kwamba jambo lile lilimfaa mama yake Ismail kwa sababu alikuwa anapenda kuwa na watu.

Neno hilo nimelisoma miaka mingi nikalipita. Kwamba mwanamke huyu alipenda kuwa na watu, jambo ambalo sisi tungeliita dogo, la kike, la umbea, limehifadhiwa katika riwaya na linafundishwa mpaka leo. Na walipokuja majirani, aliyekaa pale ndiye aliyeamua nani akae naye na kwa masharti gani. Ibrahim hakuwepo. Aliyeamua ni mkaaji.

Najua kuna ndugu ameshaanza kuandika ujumbe: "Shekhe, mwanamume ndiye msimamizi." Ndiyo, na mimi nasema hivyohivyo. Lakini nimesimamia mitihani miaka kumi na tano, nawaambia kazi ya msimamizi ni nini. Msimamizi hafanyi mtihani. Anahakikisha kila mtahiniwa ana dawati, ana mwanga, hasumbuliwi, karatasi zimefika. Akichukua kalamu akaanza kujaza mwenyewe, huyo anafukuzwa kazi.

Na angalia Qur'ani inavyotufunza adabu ya mambo haya. Katika Surat al-Baqara, aya ya 233, wazazi wakitaka kumwachisha mtoto ziwa kabla ya miaka miwili, imewekwa iwe kwa kuridhiana na kushauriana wote wawili. Ziwa tu! Wewe unataka kumwachisha mtoto shule, madrasa, bibi yake, rafiki zake na bahari, halafu unasema "nitawaambia nikikamilisha"? Na katika Surat at-Talaq, aya ya 6, mwanamke aliyeachwa, yuko kwenye eda, amewekewa haki ya kukaa mnapokaa nyinyi kwa kadiri ya uwezo wenu, na mmekatazwa kumtia dhiki. Wanachuoni wakasema, kama ni hivyo kwa aliyeachwa, basi aliye ndani ya ndoa ana haki zaidi. Hiyo "kwa kadiri ya uwezo" msiisahau, nitairudia.

Maana sitaki mseme shekhe hajui maisha. Kodi ni kodi. Mwenye nyumba anataka miezi sita mkupuo, dalali anataka mwezi wake, lori la vyombo kutoka Dar ni pesa nyingine, na posho ya uhamisho wakati mwingine inafika vyombo vimeshazeeka kule. Mtu mwenye mshahara wa kawaida akichagua nyumba ya mbali kwa sababu ya bei, huyo hajafanya dhambi. Wala simwambii mtu kwamba mbali na msikiti ni haramu. Banu Salima walikuwa wanakaa mbali na msikiti wa Madina, wakataka kuhamia karibu, Mtume (s.a.w.) akawaambia wabaki majumbani mwao, nyayo zao zinaandikwa. Kwa hiyo mwenye miguu na akae mbali, atembee, achume thawabu.

Ila fahamu nyayo za nani. Wewe mwenye miaka arobaini utatembea. Mtoto wa miaka saba kwenda madrasa kwa kuvuka barabara kuu ya Dar, malori yanashuka na yanapanda, hizo siyo nyayo za kuandikiwa thawabu, hilo ni jambo la kumnyima mama yake usingizi. Nilimuuliza ndugu yetu jirani wa ile nyumba ya Ihumwa ni nani. Akafikiri. Akasema viwanja ni vipya, kulia pagale, kushoto pagale, mbele yake kuna nyumba ya mtumishi mwenzake, naye haonekani mpaka usiku. Sina neno baya na Ihumwa, mji unakua na Waislamu wapo huko, labda miaka mitano ijayo tutatamani tungenunua kiwanja. Nazungumzia nyumba hii moja, mwaka huu, na mama huyu mmoja.

Jambo jingine nataka nilisahihishe kabla halijaota mizizi. Mtu asisome haya akaelewa kwamba atafute mtaa wa Waislamu watupu ajifungie. Aliyemwokoa mwanangu nimewaambia ni nani. Na Mtume wetu (s.a.w.), Makka ilipobana, mwaka wa tano wa utume, aliwaelekeza Waislamu waende Uhabeshi. Nchi ya Kikristo, ng'ambo ya bahari, lugha hawaijui. Sababu aliyoitoa ni kwamba kule kuna mfalme ambaye hadhulumiwi mtu kwake. Walikwenda na wake zao. Uthman alikwenda na Ruqayya, binti wa Mtume mwenyewe. Jaafar alikaa huko miaka mingi mpaka wakati wa Khaybar, na mtoto wake Abdallah alizaliwa hukohuko. Kwa hiyo ukiuliza juu ya jirani, usiulize dini yake peke yake. Uliza kama ni mtu wa haki. Kuna mpangaji anaswali safu ya kwanza na kila mwezi anakataa kuchangia bili ya maji ya uani, na kuna mama wa kanisani anamfunga mwanao mgongoni anakimbia naye.

Tukija kwenye treni. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inafika Dodoma, takriban saa nne, na kwa kweli ni neema. Lakini imezaa aina mpya ya baba: wa Ijumaa usiku mpaka Jumapili jioni. Mzee wa ndugu yetu anaona hilo ndilo suluhisho, na namwelewa, anataka wajukuu wake karibu, na ana haki ya kusikilizwa kwa heshima. Wapo wanaolazimika na Allah awafanyie wepesi. Lakini lisiwe jambo la kuteleza tu bila mwisho. Mnakumbuka kisa cha Sayyidna Umar (r.a.), aliposikia usiku mwanamke akilalamika upweke, mumewe yuko vitani. Alitaka kuweka muda wa askari kurudi nyumbani. Hakuwauliza makamanda. Alikwenda kumuuliza binti yake, Hafsa, mwanamke anaweza kuvumilia muda gani. Riwaya zinatofautiana, miezi minne au sita, na Umar akaweka muda kwa kauli hiyo. Naye ni Umar, mnamjua.

Basi jana usiku nilimjibu ndugu yetu, na nilimjibu hivi, muone kama nimekosea.

Nilimwambia asichukue nyumba yoyote kati ya hizo mbili sasa hivi. Atangulie peke yake, apange chumba cha kulala tu, cha bei ndogo, kwa muda unaojulikana: mpaka shule zifunge mwezi wa sita. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipofika Madina hakuanza na nyumba yake, alikaa mgeni kwa Abu Ayyub al-Ansari mpaka msikiti na vyumba vilipojengwa. Kukaa mgeni kwanza siyo aibu. Miezi hiyo mitatu ataujua mji: maji ya mgao yanatoka mtaa gani siku gani, maana Dodoma ni kukavu na mtu wa pwani asitegemee bomba kila saa. Ataona daladala inajaa saa ngapi. Ataswali Ijumaa hii msikiti huu, Ijumaa ijayo ule.

Na kabla hajalipa hata senti, aende na mke wake wakaone pamoja. Wasiende na dalali saa nne asubuhi, saa hiyo kila mtaa ni mzuri. Waende karibu na magharibi, waone taa zinawaka wapi, watoto wanacheza wapi, nani amekaa barazani. Mwanamke atauliza mambo ambayo wewe huyajui hata kuyauliza, na atamuuliza mpangaji anayehama, siyo mwenye nyumba.

Kuhusu yule binti wa kidato cha pili, ana mtihani wa upimaji mwezi wa kumi na moja. Nasema kama mwalimu: kuhamisha mtoto mwezi wa sita katika mwaka wa mtihani kunawezekana, nimewapokea wengi, ila yeye mwenyewe lazima aambiwe mapema na sababu aambiwe. Mtoto anayehamishwa kama kabati hufika kule akakaa kimya kama kabati, na walimu wapya wanamwandika "mzito".

Na nikamwambia mwisho kabisa, mwambie mkeo leo. Usiku huu, kabla ya daku. Usisubiri ukamilishe.

Leo mchana ameniletea ujumbe. Alimwambia. Mama akanyamaza mpaka daku ikaisha. Halafu swali lake la kwanza halikuwa la Ihumwa wala Chang'ombe, wala la vyumba. Aliuliza kama huko kuna watu wanaonunua vitumbua asubuhi.

Ndugu yetu anasema alishtuka. Miaka sita mkewe anaamka usiku kukaanga vitumbua, anauza pale njia panda, ada za madrasa za watoto wote watatu zinatoka kwenye kile kikaango, na yeye katika hesabu zake zote za kodi na nauli hakuwa ameiandika hiyo biashara hata mstari mmoja. Ameniandikia, "Ustadh, nimejua mshahara wangu mpaka senti ya mwisho, lakini sikujua wake." Nilicheka, kisha nikakumbuka upepo wa Singida nikaacha kucheka.

Bado hawajaamua. Wamekubaliana kwenda kuona wiki ya pili baada ya Idi, siku mbili, wafikie kwa jamaa. Alikuwa anataka kukata tiketi mbili za treni. Binti yake wa kidato cha pili akasikia, akaomba na yeye aende akaione shule. Baba mtu ananiuliza kama kuna ulazima, maana nauli nayo ni pesa.

Nimemwambia akate ya tatu.

Wabillahi tawfiq. Darsa ya kesho ipo baada ya alasiri kama kawaida, na kina mama pazia lenu limeshatengenezwa. Mwenye swali kuhusu haya aniandikie pembeni, siyo kwenye kundi.